Kitanda Hakizai Haramu: Sheria na Mama Asiyeolewa

Wahenga walinena kwamba kitanda hakizai haramu. Methali hii hufunzwa tangu shule za msingi, na maana yake hutolewa upesi: mtoto aliyezaliwa ndani ya ndoa ni wa mwenye ndoa, na minong'ono ya majirani haiwezi kumvua nasaba. Ni methali yenye huruma. Hata hivyo, huruma hiyo ina mpaka, na mpaka wenyewe ni kitanda. Mtoto aliyezaliwa pasipokuwa na kitanda cha ndoa hakutajwa, seuze mama yake. Hapo methali hunyamaza. Ni pahali hapohapo ambapo sheria, kwa karne kadhaa na katika nchi nyingi, imekuwa na mengi ya kusema.

Makala haya yanamhusu mama huyo asiyeolewa, na jinsi sheria ilivyoufanya mwili wake kuwa uwanja wa kulindia maadili ya watu wote. Yanashikilia kwamba sheria za namna hii, hata zilipodai kuadhibu uasherati, kwa hakika ziliadhibu mimba. Tendo hutendwa na wawili. Mimba humwonekania mmoja. Mwanamume huweza kukana, kuhama au kunyamaza tu, ilhali mwanamke hutembea na ushahidi dhidi yake mwenyewe. Jambo hili si geni kwa wanafunzi wa fasihi, maana riwaya ya Kiswahili imejaa wasichana wa aina hiyo. Linalosahaulika aghalabu ni kwamba nyuma ya wahusika hao kuna vifungu vya sheria vyenye miaka na nambari, na kwamba vifungu hivyo vilisafiri kutoka nchi hadi nchi.

Safari yenyewe ilianzia Uingereza, kwa kuwa ndiko zilikotoka sheria nyingi za Kenya. Mwaka 1576, enzi ya Malkia Elizabeth I, Bunge la huko liliwapa mahakimu uwezo wa kuwaadhibu wazazi wa mtoto wa nje ya ndoa na kuwalazimisha kumlisha. Sababu haikuwa usafi wa roho peke yake. Mtoto asiyejulikana baba alilishwa na parokia, yaani wakazi wa eneo la kanisa, kwa kodi waliyotozwa. Mwaka 1610 ikaja sheria nyingine iliyoagiza kwamba mwanamke mwasherati aliyezaa mtoto ambaye angeweza kuwa mzigo kwa parokia apelekwe katika nyumba ya kurekebishia tabia kwa muda wa mwaka mmoja. Agizo hilo linastahili kusomwa polepole. Kosa halikuwa kuzaa nje ya ndoa. Kosa lilikuwa kuzaa nje ya ndoa na papo hapo kuwa maskini. Binti wa tajiri aliyezaa vivyo hivyo hakumgharimu mtu hata senti, kwa hiyo sheria haikumwona. Maadili yalipimwa kwa mizani ya mlipa kodi.

Mambo yalizidi kuwa makali mwaka 1624. Mama asiyeolewa aliyeficha kifo cha mtoto wake mchanga alichukuliwa kuwa amemuua, mpaka yeye mwenyewe alete shahidi wa kuthibitisha kwamba mtoto alizaliwa akiwa maiti. Mama aliyeolewa hakubebeshwa mzigo huo wa kujitetea. Sheria hiyo ilidumu hadi 1803, na mahali pake pakachukuliwa na kosa jepesi zaidi la kuficha uzazi, kosa ambalo limo hadi leo katika Kanuni ya Adhabu ya Kenya.

Mwaka 1834 sheria ya Uingereza ya kuwatunza maskini ilifanyiwa mageuzi makubwa. Baba wa mtoto wa nje ya ndoa aliondolewa karibu dhima yote, na mtoto akawekwa juu ya mama peke yake hadi atimize miaka 16. Waliopendekeza mabadiliko hayo walidai kwamba sheria ya awali iliwavuta wanawake uovuni kwa kuwahakikishia malipo, na kwamba wengi wao walikuwa wakiwasingizia wanaume wenye mali. Msomaji na aiweke hoja hiyo akilini, kwa maana ataikuta tena jijini Nairobi baada ya miaka 135. Huko Uingereza haikuishi kwa muda mrefu. Mwaka 1844 mama alipewa haki ya kumshtaki baba kwa jina lake yeye mwenyewe mbele ya mahakimu, ingawa neno lake halikutosha pasipo ushahidi mwingine wa kuliunga mkono.

Sheria ya kudai matunzo ya watoto wa nje ya ndoa ilipotungwa Kenya mwaka 1959, ilichota katika kisima hicho. Ilimruhusu mwanamke yeyote asiyeolewa kwenda mahakamani, kumtaja aliyemzalisha na kuomba amri ya malipo ya kumlea mtoto. Upya wa jambo hili haukuwa malipo. Jamii nyingi za Kenya zilikuwa na faini ya mimba tangu jadi, iliyolipwa kwa mbuzi au ng'ombe. Upya ulikuwa katika mkono uliopokea. Kimila, aliyekosewa alikuwa baba wa msichana, aliyeharibiwa matarajio ya mahari, na ndiye aliyefidiwa. Sasa aliyesimama kizimbani kudai alikuwa msichana mwenyewe, na fedha zilikuwa za mtoto. Hapana budi kukiri kwamba sheria hiyo ilitungwa na serikali ya kikoloni, wakati ambapo maelfu ya Wakenya walikuwa wametoka vizuizini juzi tu, na kwamba chuki dhidi ya mtungaji ilikuwa na sababu zake. Lakini wanawake waliitumia. Walikwenda mahakamani.

Mwezi wa Juni 1969, Bunge la Kenya huru liliifuta. Hakuna mwanamke aliyekuwa amechaguliwa kuingia katika Bunge hilo. Grace Onyango, mwanamke wa kwanza kuchaguliwa, alishinda kiti cha Kisumu katika uchaguzi wa Desemba mwaka uohuo, ikiwa imepita miezi michache tu. Hoja za wabunge waliotaka sheria ifutwe zilikuwa za aina tatu. Ilidaiwa kwamba wasichana wameigeuza mimba kuwa biashara, wakiwaandama wanaume wenye mishahara. Ilidaiwa kwamba sheria inachochea uasherati. Na ilidaiwa kwamba ni sheria ya kigeni isiyopatana na desturi za Kiafrika. Chama cha Maendeleo ya Wanawake kilipinga, lakini hakikufua dafu.

Hoja ya biashara ndiyo iliyochekesha na kushangiliwa, nayo ndiyo dhaifu kuliko zote. Mwenye kuleta madai alipaswa kumshawishi hakimu. Hakulipwa kwa kunyoosha kidole. Kama wapo waliosema uongo, dawa ya uongo mahakamani inajulikana, na haijawahi kuwa kuifunga mahakama. Watu hudanganya kuhusu mipaka ya mashamba kila siku, na hakuna aliyewahi kupendekeza sheria za ardhi zifutwe. Tena hoja yenyewe haikuwa ya Kiafrika hata chembe. Ni ileile ya 1834, ya mwanamke mlaghai na mwanamume mwenye mali anayewindwa. Kuhusu ugeni wa sheria, ikumbukwe kuwa Bunge lilelile liliendelea kuitumia Kanuni ya Adhabu iliyoanza kufanya kazi mwaka 1930, pamoja na rundo la sheria nyingine za Kiingereza, bila kulalamikia asili yake. Ugeni ulianza kuwasha pale ulipofika mfukoni.

Kuna jambo jingine ambalo halitajwi mara kwa mara. Sheria ya Mahakama za Mahakimu ya mwaka 1967 ilikuwa imeorodhesha madai ya kimila yanayoweza kusikilizwa, na miongoni mwayo yamo madai ya kutongozwa au kupata mimba kwa mwanamke au msichana asiyeolewa. Orodha hiyo haikuguswa mwaka 1969. Kwa maneno mengine, baada ya kufutwa kwa sheria ya matunzo, mimba ya msichana iliendelea kuwa na thamani mahakamani, ila kwa mila za jamii nyingi mwenye kuidai thamani hiyo alikuwa baba yake. Mwenye tumbo alirudishwa nyuma ya pazia. Hapa ndipo inapoonekana kwamba kisa hiki hakikuwa cha fedha tu. Mwanamke aliyesimama peke yake mahakamani, bila baba wala mume wa kumsemea, alikuwa tayari amevunja kanuni fulani ya adabu, hata kabla hakimu hajamuuliza jina.

Athari zake zilidumu. Sheria ya Watoto ya mwaka 2001, iliyosifiwa kwa mengi na ilistahili sifa, ilitamka kwamba pale ambapo wazazi hawakuoana, jukumu la mtoto ni la mama kwanza; baba aliweza kulipata jukumu hilo kwa makubaliano, kwa amri ya mahakama, au kwa kuishi na mama kwa miezi 12. Yaani ubaba ulikuwa kitu cha kuombwa na umama ulikuwa kitu cha kubebeshwa. Katiba ya 2010 ndiyo iliyokata shauri katika Kifungu cha 53: mtoto ana haki ya kutunzwa na wazazi wote wawili, kwa usawa, wawe wameoana au la. Hata hivyo, hadi Mei 2016, ilipoamuliwa na Mahakama Kuu, sheria ya kusajili vizazi ilikuwa bado inakataza jina la baba asiyemwoa mama kuandikwa katika cheti cha kuzaliwa pasipo ombi la wazazi wote wawili. Mama alipeleka mtoto, akataja jina, na karani akaliacha pengo. Sheria ya Watoto ya 2022 hatimaye iliifuata Katiba. Kutoka 1969 hadi 2010 ni miaka 41. Mtoto aliyezaliwa mwaka sheria ilipofutwa alikuwa na uwezo wa kuwa na wajukuu kabla dhima ya baba yake haijasawazishwa na ya mama.

Kenya ilimwacha mama huyo bila msaada. Zanzibar ilimfunga. Mwaka 1985 ilitungwa huko sheria ambayo jina lake lilitaja ulinzi wa wanawali na wanawake walioachwa, na ambayo chini yake mwanamke asiyeolewa aliyepatikana na mimba aliweza kufungwa jela hadi miaka 2. Wanafunzi wa Kiswahili hawana budi kuutafakari utumizi huo wa neno ulinzi. Katika desturi za Waswahili, mwari alikuwa na somo wa kumfunza na nyumba ya kumstiri. Ulinzi ulimaanisha kuzungukwa na watu. Katika sheria ulimaanisha kufungiwa. Ni kweli kwamba mwanamume pia aliweza kushtakiwa, lakini hapo ndipo palipojitokeza tofauti iliyokwisha kutajwa: dhidi yake palihitajika uthibitisho, na dhidi ya mwanamke tumbo lilitosha. Mwaka 2005 Baraza la Wawakilishi lilibadilisha sheria hiyo, na kifungo kikageuzwa kuwa utumikiaji wa jamii. Magazeti ya wakati huo yaliipokea habari kama ukombozi. Ulikuwa nafuu, bila shaka, lakini mama aliyekuwa akifagia hospitali kwa amri ya mahakama alikuwa bado anaadhibiwa kwa kuzaa.

Shule nazo zilifuata mkondo. Tanzania Bara, kanuni za mwaka 2002 ziliruhusu mwanafunzi afukuzwe kwa kosa dhidi ya maadili, na chini ya maneno hayo wasichana waja wazito walifukuzwa kwa miaka mingi. Katika shule kadhaa walipimwa mimba kwa lazima. Hakuna kipimo cha mkojo kinachomtambua mvulana aliyezalisha, na wala hakuna aliyekitafuta. Mwezi wa Juni 2017 Rais John Magufuli alitangaza hadharani kwamba mwanafunzi aliyezaa hatarudi shuleni. Msimamo huo uliondolewa Novemba 2021. Kenya ilikuwa na sera ya kuwarudisha tangu 1994, na kwa hilo inastahili pongezi, japo sera ni karatasi na mwalimu mkuu ni mtu.

Wapo watakaosema, na wanasema kwa nia njema, kwamba jamii isiyo na adhabu haina maadili, na kwamba kumtetea mama asiyeolewa ni kuutetea uasherati. Hoja hiyo ingekuwa na uzito lau adhabu hizo zingekuwa zimewahi kupunguza uasherati. Lakini chombo kinachomkamata mmoja kati ya wawili hakiwezi kumzuia yule asiyekamatwa. Kinamfunza kinyume chake, kwamba tendo halina bei. Kwa hiyo mwenye kujali maadili kwa dhati ndiye anayepaswa kuwa wa kwanza kuzichukia sheria hizi.

Kiswahili chenyewe hakina mikono misafi. Msichana 'amepata mimba', kama apatavyo homa. 'Ameshika mimba', 'ameharibika'. Mwanamume anapokaribia kutajwa, kitenzi hukimbilia kauli ya kutendwa: 'alipachikwa mimba', 'alitungwa mimba', na kwa kuwa sarufi inaruhusu, mtenda huachwa nje ya sentensi. Pengo hilo la kisarufi linafanana mno na lile pengo la cheti cha kuzaliwa. Lugha haikukosa njia. 'Alimtia mimba' ni sentensi kamili yenye mtenda na mtendwa, na Kiswahili kimekuwa nayo siku zote. Ni suala la uteuzi. Vivyo hivyo 'mtoto wa nje'. Nje ya wapi? Mtoto huyo yumo ndani ya nyumba ya mama yake, analala na kuamka humo. Yuko nje ya nyumba ya baba tu, na lugha, kwa kumwita hivyo, imekwisha kuchagua mlango wa kusimama.

Wasanii waliojaribu kulijaza pengo hilo hawakupokewa kwa shangwe. Euphrase Kezilahabi alipoichapisha Rosa Mistika mwaka 1971, riwaya hiyo ilipigwa marufuku katika shule za Tanzania kwa madai ya kukiuka maadili. Hukumu hiyo ni ya ajabu kwa anayekisoma kitabu chenyewe. Rosa anapigwa na babaye Zakaria kwa sababu ya barua ya mvulana, kisha katika maisha yake ya masomo anakutana na wanaume wazima wenye vyeo, akiwemo mkuu wa chuo, wanaomtumia na kubaki na vyeo vyao. Rosa anajiua. Mwandishi aliwataja watenda, kila mmoja kwa jina lake na kazi yake, na jambo hilo ndilo lililoonekana kuwa uchafu. Uhakiki wa riwaya hii katika vyuo umezoea kuuliza iwapo Rosa ni mwathiriwa wa malezi au wa tamaa yake. Swali hilo bado linamweka Rosa kizimbani. Ni nadra mhakiki kuuliza ni sheria ipi ambayo ingemgusa yule mkuu wa chuo, na jibu, kwa mwaka 1971, lingekuwa fupi mno. Uhakiki kama huo haungehitaji nadharia mpya. Ungehitaji kuisoma riwaya sambamba na vifungu vya sheria za wakati wake, kazi ambayo idara za Kiswahili zimewaachia wenzao wa historia na sheria, nao wanaifanya kwa Kiingereza.

Mwezi wa Juni 2025 Mahakama ya Juu ya Kenya iliamua kwamba watoto wa baba Mwislamu waliozaliwa nje ya ndoa wasinyimwe urithi wake kwa sababu hiyo peke yake, kwa kuwa kufanya hivyo ni kuwabagua kwa kosa lisilo lao. Uamuzi huo ulipokewa kwa hisia zinazokinzana, hasa Pwani, na mjadala wake wa kifikihi una wenyewe. Lakini upande wa lugha ni wa kila mzungumzaji wa Kiswahili. Katika fikihi, haramu ni hukumu juu ya tendo. Ni Kiswahili cha mitaani kilichoihamisha hukumu hiyo kutoka kwa tendo la wawili hadi kwa mtoto, kikaunda neno mwanaharamu na kulifanya tusi ambalo hata madereva hutupiana njiani. Neno la namna hiyo la kumtaja baba wa mtoto huyo halipo. Wanaleksikografia walitafute.

Kazi nyingine iko karibu zaidi. Sheria ya Mahakama za Mahakimu iliandikwa upya mwaka 2015, na katika orodha ya madai ya kimila, kutongozwa au kupata mimba kwa mwanamke au msichana asiyeolewa bado kumo. Katiba imekifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi, na siku moja mhitimu wa idara fulani ya Kiswahili atapewa sheria hiyo aitafsiri. Atakapofika kwenye kifungu hicho, itambidi achague kitenzi.